Ujasiri wa mimbarini huandaliwa kabla ya Jumapili

Mahubiri mengi yanayosifiwa hapa Mombasa kuwa ni "ya moto" hayamgharimu mhubiri chochote. Anawakemea walevi ambao hawamo kanisani, anapaza spika hadi majirani Waislamu wasikie dini yao ikishambuliwa, na waumini wanaitikia amina kwa kuwa hakuna aliyeguswa. Huo si ujasiri hata kidogo. Nabii Nathani hakwenda sokoni kuwalalamikia wafalme. Aliingia kwa Mfalme Daudi mwenyewe, aliyekuwa amechukua mke wa mtu, akamsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, kisha akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7).

Chukua suala la ardhi. Ukihubiri Likoni au Kisauni, mbele yako wamekaa waliojenga mahali wasipo na hati, na pengine pia wanaoitaka ardhi hiyohiyo. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye madai Mwambao ayaandikishe. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani, hawakuandikishwa, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Andiko lipo: 1 Wafalme 21. Isome sura nzima, usikimbilie maneno ya nabii Eliya ya kumkemea Mfalme Ahabu. Tazama Nabothi alivyopokonywa shamba: barua ziliandikwa kwa jina la mfalme, zikatiwa muhuri wake, wazee wa mji wakatangaza mfungo, mashahidi wawili wa uongo wakaketi mbele yake. Karatasi zilikuwepo, na ibada pia ilikuwepo. Mhubiri akitulia hapo dakika kumi, mwenye hati ya kughushi anajijua bila jina lake kutajwa.

Wengi huharibu hapo. Husoma mstari mmoja, wakafunga Biblia, kisha dakika arobaini zinazobaki ni maoni yao na yale waliyotumiwa WhatsApp. Mwenye hatia hutoka akisema pasta anafanya siasa, na kwa kweli amepewa sababu. Kwa hiyo, kabla ya kutamka jambo, jua kesi iko mahakama gani na kama imeamuliwa au bado. Alhamisi wape watu watatu rasimu: anayeishi na tatizo hilo, anayeijua sheria, na mzee wa kanisa asiyeogopa kukupinga. Na siri ya muumini aliyokueleza faraghani isiingie kwenye mahubiri, hata ukibadilisha majina. Mtaa utamtambua tu.

Pesa ndiyo inayofunga midomo zaidi kuliko vitisho. Mhubiri asijue nani ametoa kiasi gani. Daftari hilo likae kwa mweka hazina. Kodi ya ukumbi isitegemee familia moja, maana siku utakapohubiri kuhusu muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa, huenda kibanda kinachouza kiko kwenye plot ya familia hiyo.

Wanasiasa nao wana mtindo wao. Ijumaa usiku simu inaingia: mheshimiwa atapita Jumapili, anaomba dakika mbili tu za kusalimia. Uamuzi ukiachiwa saa hiyo, pasta atashindwa. Wazee waandike mapema, mwanzoni mwa mwaka: mgeni yeyote anakaa alipopata nafasi, hapewi kipaza sauti, na toleo lake linaingia kikapuni bila kutangazwa. Kanisa la Anglikana Kenya liliwazuia wanasiasa mimbarini mwaka 2021, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto. Kanisa dogo la Bamburi lenye paa linalovuja litaumia zaidi likifanya hivyo, sikatai. Lakini nani atamsikiliza pasta akisoma Amosi, nabii aliyewakemea wanaowaonea maskini, chini ya mabati ya mheshimiwa?

Paulo, naye amefungwa minyororo, hakuwaomba Waefeso wamwombee atoke. Aliomba apewe usemi, aseme kwa ujasiri (Waefeso 6:19–20). Waumini wamwombee pasta wao hivyo, kwa jina, wakijua ni suala gani linalokuja Jumapili hiyo.

Halafu kuna Jumatatu. Aliyekunja uso ibadani atembelewe kabla wiki haijaisha, na pasta aende na mzee mmoja. Akiuliza, "Pasta, ulinisema mimi?" mfungulie sura ileile, muisome pamoja tangu mwanzo, na umpe nafasi ya kusema. Akitaka kurudisha alichochukua, msaidie kumtafuta mwenye mali na kupanga namna ya kukirudisha.