8x42 au 10x50? Darubini ya mwongoza watalii mwenye mfuko mdogo

Masika yakikaribia kuisha na magari yakianza kutoka gereji, kijiweni kwetu Arusha hurudi ubishi ule ule: ununue darubini gani kabla msimu haujashika, ikiwa pesa yenyewe ni ya kuungaunga? Wengi husema chukua 10x50, maana inavuta na "inakusanya mwanga", itakufaa alfajiri na jioni chui anapotembea. Sisi wachache tunasema 8x42, na pesa yote iende kwenye ubora wa kioo.

Tuanze na hizo namba. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa kiduara cha mwanga kinachoingia jichoni. 50 kwa 10 ni 5. 42 kwa 8 ni 5.25. Yaani lile dude linalokuvunja shingo kutwa nzima halikupi mwanga zaidi hata chembe. Nikisema hivi watu hukunja uso, kwa sababu muuzaji aliwaambia kinyume. Na zile za 20x50 zinazotembezwa mitaani? Milimita 2.5. Jua likizama unatazama ndani ya chungu.

Ungeweza kusema basi tutafute kiduara kikubwa zaidi. Niliwahi kubeba mgeni kutoka Hamburg, mwindaji wa nguruwe pori huko kwao, mwenye 8x56 ya kilo moja na ushee. Hiyo inatoa milimita 7. Lakini mboni hufikia 7 ukiwa kijana. Ukigonga miaka 50, mara nyingi haipiti 5 au 6, na mwanga unaozidi hapo unaishia nje ya mboni. Tena kwao mwezi wa Juni, kuanzia jua kuzama hadi giza kushika ni karibu saa nzima. Kwetu jua linadondoka wima: dakika 21 hivi, biashara imekwisha.

Na hizo dakika zenyewe ni zetu kweli? Jua la Arusha huzama kati ya saa 12:20 na 12:55 jioni mwaka mzima, ilhali kwenye Kreta ya Ngorongoro saa 12 jioni unatakiwa uwe umeshapanda. Mwanga hafifu tunaoufanyia kazi sana ni wa asubuhi, na ule wa kivulini kwenye msitu wa Lerai humo ndani ya kreta, au ukungu wa ukingoni uking'ang'ania.

Hata hivyo, watu wa 10x50 si wapumbavu. Kwenye mwanga mdogo jicho halihitaji mwangaza peke yake, linahitaji pia umbo kubwa la kushika. Doa la kijivu likivutwa mara 10 linaonyesha pembe. Likivutwa mara 8 linabaki ubishi. Kreta hairuhusu kuacha barabara, na faru anaweza kulala zaidi ya kilomita moja kutoka ulipo. Kati ya "lile ni jiwe" na "yule ni faru" kuna bahasha ya bakshishi ya mgeni siku ya mwisho. Hoja hiyo siwezi kuipuuza, nina watoto shuleni.

Ila mara 10 huvuta na mtikisiko pia. Gari lina wageni sita, paa limeinuliwa, huyu anabadilisha lenzi, yule anatafuta maji, na picha yako inacheza. Mwenzangu mmoja wa 10x50 ameweka kimfuko cha maharage juu ya paa, anaegemeza hapo. Kinasaidia, mradi mnyama asihame upande.

Kinachoniudhi ni kwamba tunabishana ukubwa na kuacha kioo. Uso wa kioo usiopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso hizo hupita kumi. Zikiwa tupu, theluthi ya mwanga imeshapotea kabla haujafika jichoni. Dukani, washa tochi ya simu uielekeze lenzi ya mbele. Ukiona viakisi hafifu vya kijani au zambarau, hapo sawa. Ukiona cheupe kinachokuchoma macho, kuna uso haukupakwa. Zile lenzi nyekundu kama kioo cha taa ya nyuma ya gari ziache: zinautupa mwanga mwekundu nje na simba anakuwa wa kijanikijani. Halafu nyoosha mikono, ishike mbali na uso, elekeza angani. Viduara nyuma viwe mviringo kamili. Vikiwa na kingo zilizokatwa, prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni za bei ya chini.

Mimi nilidanganyika mara moja, lenzi nyekundu hizo hizo, duka moja mjini. Masika ya kwanza tu ukungu uliingia ndani na haukutoka tena. Sasa nina 8x42 ya mtumba, raba imechunika, lakini imezibwa isipitishe maji na kioo chake ni kisafi. Kwa mshahara wetu sioni chaguo bora. Faru wakiwa mbali bado namwomba yule wa maharage aniazime yake. Yeye asubuhi kwenye ukungu hajawahi kuniomba yangu, ingawa naona anavyoitupia jicho.