Kapteni Noel Chavasse hakwenda vitani kutafuta nishani

Kapteni Noel Chavasse, daktari wa jeshi la Uingereza, anapotajwa, kwanza hutajwa kwa nishani zake, wala si ajabu, kwa kuwa ni watu watatu tu katika historia waliotunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya Uingereza ya ushujaa vitani, mara mbili, naye ndiye pekee aliyezipata zote mbili katika Vita Kuu ya Kwanza. Sifa hiyo ni haki yake, lakini naona imeufunika udaktari wake.

Alizaliwa Oxford mwaka 1884, pacha wa Christopher, na baba yao alikuja kuwa Askofu wa Liverpool. Mapacha hao walikimbia mita 400 katika Olimpiki ya London mwaka 1908 (hawakupata medali). Noel alisomea udaktari, akafanya kazi hospitalini Liverpool chini ya Robert Jones, bingwa wa upasuaji wa mifupa, na vita vilipoanza akaenda Ufaransa akiwa daktari wa kikosi cha Liverpool Scottish.

Victoria Cross ya kwanza aliipata kwa aliyoyatenda Agosti 1916. Kikosi hicho kiliposhambulia kijiji cha Guillemont, Ufaransa, na kushindwa, alitibu majeruhi mchana kutwa mahali pa wazi huku akifyatuliwa risasi, na usiku akawatafuta wengine kwa saa nne mbele ya mahandaki ya Wajerumani. Kesho yake alimbeba majeruhi mmoja yadi 500 hadi penye usalama, akajeruhiwa ubavuni kwa kipande cha kombora. Usiku huohuo alirudi na watu 20 waliojitolea, akawatoa majeruhi watatu shimoni, yadi 25 tu kutoka kwa adui, akawazika maofisa wawili, na kukusanya vitambulisho vingi ambavyo wafu walikuwa wamevivaa.

Vitambulisho hivyo ndivyo vinavyonishangaza kuliko yote. Maiti haitibiki, na hakuna amri ya kitabibu iliyomtaka daktari ahatarishe maisha kwa ajili yake. Lakini askari asiyetambuliwa huandikwa kwamba hajulikani alipo, na mama yake hubaki akingoja barua kwa miaka. Familia ya Chavasse yenyewe iliyaonja hayo Julai 1917, pale Aidan, mdogo wake Noel, alipopotea vitani, na mwili wake haukupatikana.

Mwisho wa mwezi huohuo Waingereza walianza mashambulizi karibu na Ypres, Ubelgiji. Noel alijeruhiwa kichwani siku ya kwanza, akafungwa bandeji, na badala ya kupelekwa nyuma akarudi kwenye kituo chake. Wapo wanaosema kwamba daktari hai huokoa wengi kuliko daktari aliyekufa, na hoja hiyo ni nzito. Naikubali kwa vita vinavyopangwa mezani. Lakini mvua kubwa ilikuwa imeanza kunyesha, machela zilikwama matopeni, na majeruhi aliyelala pale hakuwa na daktari mwingine wa karibu. Kwa hiyo simlaumu, ila sipendi kifo chake kinaposifiwa kana kwamba ndicho alichokifuata.

Siku mbili baadaye kombora lilipiga kituo chake na kumpasua tumbo. Alifanyiwa upasuaji Brandhoek, katika hospitali ya jeshi iliyoshughulikia hasa majeraha ya tumbo, lakini kabla ya kuwapo antibayotiki majeraha hayo yaliua wengi hata mikononi mwa mabingwa. Alifariki tarehe 4 Agosti 1917, akiwa na umri wa miaka 32, akamwacha Gladys, binamu yake aliyekuwa mchumba wake. Nishani ya pili ilitangazwa mwezi uliofuata.