Maiti Ilikuwa Inapumua na Sibadilishi Kauli

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyoirekodi yule kiumbe niliyekuwa namwita rafiki, akidai nilizimia, nikapiga magoti, kisha nikatoka mbio salunini, nisikilizeni na mimi. Sikuzimia. Sikupiga magoti. Hiyo ya kutoka mbio salunini na shuka jeupe shingoni ni kweli, ila nayo kaipamba: lile shuka lilikuwa jeupe zamani sana, na mbio zenyewe hazikufika hata kwa muuza chipsi.

Saluni mnaijua. Sinza Makaburini, ile yenye wanamuziki wa Marekani waliochorwa ukutani, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kunyolewa pale. Jumamosi jioni, joto, watu wamejaa mpaka mlangoni, mimi niko kwenye kiti na kinyozi ameshaanza kazi. Yule kiumbe amekaa benchi la nyuma na simu yake. Mkumbukeni huyo na simu yake.

Kwenye muvi mimi nina mdomo, hilo halihitaji ushahidi. Nimekulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, Manzese, nimekalia mabenchi ya mbao nikisikiliza sauti ya Lufufu ikitafsiri Wachina wanavyopigana, na mpaka leo kuna muvi nikizitazama bila ile sauti naona zimepungukiwa kitu. Mtu aliyesoma chuo hicho huwezi kumwambia anyamaze.

Tukaanza na Titanic, maana saluni yoyote ya kiume Dar ukikaa nusu saa utakuta kesi ya ule mlango aliopanda Rose meli ilipozama, Jack akabaki majini akafa, bado inasikilizwa. Dogo anayeosha vichwa anasema wangepanda wote wawili wakapona. Nikamwambia dogo, mwaka 2023 James Cameron mwenyewe alitoa kipindi, kawaingiza watu kwenye maji ya baridi, wakajaribu kila namna ya kukaa juu ya ule ubao, na ipo namna ambayo Jack huenda angepona. Miaka 25 watu wanabishana mpaka mwenye muvi akaenda kupima! Saluni ikatulia. Mzee mmoja akasema "aisee." Kichwa changu kikaanza kuvimba kikiwa bado kinanyolewa.

Mwingine akaleta Oppenheimer. Nikasema saa 3 nzima wanaume wa suti wanaongea, bomu linalipuka mara moja. Akasema ilibeba Oscar 7. Nikamjibu na mimi niliyekaa zile saa 3 bila kusinzia nilistahili ya 8. Kicheko. Yule mzee, ambaye alikuwa anasubiri kutengenezwa ndevu, akasema sisi wote hatujui muvi, muvi alitazama yeye enzi za Drive-In ya Msasani, mnakaa ndani ya gari mnatazama ukuta mkubwa, pale ulipo ubalozi wa Marekani siku hizi. Tukampa heshima yake, tukaendelea.

Na ili mjue mimi si mtu wa kuponda tu, niliimwagia sifa Vuta N'kuvute. Nikawaeleza jinsi Amil Shivji alivyokichukua kitabu cha Adam Shafi akatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, muvi ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata nchi ikaipeleka kugombea Oscar, kitu ambacho hatukuwa tumekifanya tangu Maangamizi mwaka 2001. Nilizungumza vizuri sana. Hakuna aliyenijali. Dogo alikuwa anakung'uta taulo. Ndiyo muone, sifa hazina wasikilizaji mjini hapa.

Hapo ndipo yule kiumbe, kwa sauti ya kondoo, akauliza: "Eti kaka, na ile ya Kibongo uliyoniambia juzi? Ile ya msiba?"

Alikuwa anajua. Naomba hili liingie kwenye kumbukumbu. Alikuwa anajua kila kitu.

Jina la muvi nabaki nalo, wahusika wapo mtaani na wengine wana wembe. Ila kisa ni hiki: baba yake stelingi anafariki, maiti inalazwa sebuleni, kisha kinakuja kilio. Mnajua kilio cha Bongo muvi hakina haraka. Analia mjane, analia mtoto mkubwa, analia shemeji ambaye hata hatujaambiwa katokea wapi. Na muda wote huo, maiti inapumua.

Nikajiweka sawa kwenye kiti. "Siyo kupumua kwa kuibia, wanangu. Tumbo linapanda, linashuka. Shuka linapanda, linashuka. Mjane anamlalia kifuani kulia, na yeye anapanda na kushuka! Mara nzi katua puani, maiti imekunja pua! Yule jamaa alikuwa amebakiza kukoroma tu!"

Saluni ilivunjika. Mzee alipaliwa mpaka akapigwa mgongo. Dogo alikaa chini. Mimi nami nilikuwa nimefumba macho nacheka, kwa hiyo sikuona, nilisikia tu. Mashine ilizimwa.

Ile sauti ya mashine ukishaizoea huisikii tena, mpaka inyamaze. Ilinyamaza. Nikafumbua macho. Kwenye kioo nikajiona mimi, upande wa kulia kipara, upande wa kushoto msitu wa Pugu, na nyuma yangu kinyozi kashika mashine ananitazama.

"Kaka," akasema kwa upole.

Dada uliyeandika "mdomo ulimponza" nimekuona, subiri kidogo, hatujafika.

"Ile maiti ni mimi."

Nikamtazama vizuri. Nikaiangalia pua. Pua ileile. Kichwani nilikuwa na majibu mengi ya busara, na lililotoka ni hili: "Kumbe! Hongera sana kaka."

Hakuna aliyecheka. Yaani hata feni ilionekana kama inasikiliza. Kinyozi akavuta kiti akakaa, mnyoaji kakaa na mnyolewaji kakaa, akaanza kutoa ushahidi. Kwamba ndoto ya kuigiza anayo tangu enzi za Kanumba. Kwamba siku ile alilazwa kwenye sakafu ya zege tangu asubuhi. Kwamba mwongozaji alimwambia ashike pumzi, akashika, lakini mjane akasahau maneno, akaona aibu, akaanza kulia upya kuvuta muda, na hakuna mtu aliyesema "kata." Malipo yake yalikuwa nauli na chipsi mayai.

"Sasa wewe ulitaka nife kweli?"

Swali zuri. Mtu mwenye akili angejibu "hapana kaka, pole." Mimi nikaanza somo. Nikamwambia tatizo si yeye, ni waliopiga na waliohariri, maana wenzetu maiti wanaionyesha kidogo tu, kamera inahamia kwa wanaolia, au picha inagandishwa kompyutani maiti ikatulia yenyewe. Hapo nilikuwa nimeshajiokoa. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Nikaongeza sentensi moja ambayo hakuna aliyeiomba: "Ingawa kubana pumzi dakika moja ni kitu kidogo, mtu yeyote anaweza."

"Eeeeeh!" saluni nzima.

Na umeme ukakatika.

Sijui nani aliuagiza. Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama. Kinyozi akaweka mashine mezani, akafungua droo polepole, akatoa wembe, akauchana karatasi yake. "Basi nitamalizia na hiki," akasema. Halafu akanyoosha kidole kwenye benchi. "Au ulale pale utuonyeshe hiyo dakika moja."

Nawaomba mlioniita mjinga mjibu: mtu uliyemdhalilisha mbele ya wateja wake, gizani, na wembe, karibu na sikio lako. Nilikwenda benchi.

Wakanitandika lile shuka mpaka kifuani. Mzee wa Drive-In, ambaye nilidhani yuko upande wangu, akasema pua bila pamba si maiti, na dogo akachomoa pamba za spiriti akanijaza puani. Mzee akateuliwa kushika saa. Akaamuru kimya, watu wasimame, wasinichekeshe. Kwa joto lile akavua na kofia. Yote haya nayasema kwa sababu ni muhimu mwone alichokiona mtu aliyekuja baadaye.

Nikavuta pumzi, nikaifungia.

Mwanzo ni raha. Nilifumba macho nikajisemea kaka huyu leo atajifunza kazi. Baadaye kidogo kifua kikaanza kuniuliza maswali. Kisha nikagundua jambo ambalo nalitoa bure kwa waigizaji wote: ukitoka kunyolewa nusu, nywele zako ziko kila mahali. Moja ilikuwa juu ya mdomo. Nyingine imejificha pembeni ya pamba, puani, na inatembea. Yaani naihisi inavyopanda. Siwezi kuitoa, maiti haina mikono. Nikafikiria mambo ya huzuni. Nikafikiria kodi ya nyumba. Nywele inapanda. Nikamsikia mzee ananong'ona "bado, bado." Nikasikia ndala zinakuja, chap, chap, chap, zikasimama mlangoni.

Alikuwa mama lishe wa ng'ambo. Kaja kuchukua sahani zake za mchana.

Jiwekeni kwenye nafasi yake. Saluni giza. Wanaume wamesimama kimya, wameinamisha vichwa. Mzee kavua kofia. Kati yao benchi, juu yake mtu kafunikwa shuka, pamba puani, kanyolewa nusu. Na kinyozi kashika wembe.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Mmemuua."

Na hawa watu, kwa akili zao timamu, hawakumjibu, kwa sababu dakika ilikuwa haijaisha! Mzee akamnyooshea kidole cha kumwambia asubiri!

Nywele ikafika ilikokuwa inakwenda. Nikapiga chafya. Chafya ya kifua kilichojaa hewa si chafya ya kawaida, pamba moja iliruka ikamgonga mama wa watu begani, na mimi mwili wote ukanyanyuka nikajikuta nimekaa, shuka limenining'inia, macho yamenitoka, natafuta hewa kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha.

"SHINDWAAA!"

Alikuwa na mwiko. Kwa nini mtu anaenda kuchukua sahani na mwiko, sijui, na sitauliza. Ulitua upande wenye kipara. Ulitua tena. "Shindwa! Rudi ulikotoka! Kwa jina la Yesu!" Kinyozi, badala ya kueleza, alikuwa amekaa sakafuni anacheka mpaka machozi, na hapo ndipo nilipoona njia iko wazi nikapita. Ndiyo zile mbio. Shuka shingoni, pamba moja bado puani. Pale kijiweni waendesha bodaboda wawili waliruka mtaro, na wa tatu aliwasha pikipiki akaondoka akaacha abiria wake amesimama na kofia ngumu mkononi. Nikasimama kabla ya kwa muuza chipsi. Nasisitiza, kabla.

Mengine yalikwenda haraka. Mama lishe alinywa maji ya sukari, akanitambua, akanitukana, akanidai sahani iliyovunjika, nimelipa. Umeme ulirudi usiku, kinyozi akamalizia upande uliobaki akanitoza bei kamili. Sekunde zilikuwa 41. Ameziandika kwa chaki chini ya bei ya kunyoa ndevu. Nilimwambia na nawaambia ninyi: 41 zangu hazihusiani na muvi yake, pale maiti ilikuwa inapumua na mjane anapanda na kushuka, rudieni mtazame.

Tatizo kubwa ni yule kiumbe. Kabla ya chafya alikuwa ameshapiga picha, tena nzuri, mzee na kofia yake mkononi, nimelala nimetulia, na kaituma kwa binamu yangu bila neno hata moja. Binamu kaipeleka kwenye grupu la ukoo. Mpaka nafika nyumbani na kofia ya kuazima, shangazi wa Mbagala alikuwa ameshalia, mtu wa Morogoro anauliza mazishi ni Dar au nyumbani, na orodha ya rambirambi ilikuwa imefika namba 9. Nilipompigia shangazi kumwambia niko hai, aliniuliza wewe ni nani na simu ya marehemu umeipata wapi.

Orodha imefutwa, lakini niliisoma yote. Namba 3 ni mjomba, yuleyule ambaye tangu mwaka jana namwomba anikopeshe nilipie pango ananiambia hali ngumu. Kaahidi laki mbili, taslimu. Nimemwandikia kwa heshima zote, mjomba shikamoo, naomba ahadi isifutwe, ibadilishwe jina tu iwe mkopo. Tiki mbili za bluu tangu jana mchana.