Mchakato ukishaboreshwa, anayekabidhiwa anakabidhiwa nini hasa?

Wote tuliowahi kufanya kazi za maboresho tunayajua haya mabishano. Mradi umeisha, utaratibu mpya unaenda vizuri, namba zinapendeza, sasa timu ya mradi iondoke iwaachie wenye kazi yao au ibaki kulinda? Kwenye Six Sigma, ile mbinu ya kupunguza kasoro kazini hatua kwa hatua, hii ndo hatua ya mwisho, ya kudhibiti. Kwenye 5S ya hospitali zetu Tanzania, yaani hatua tano za kupanga sehemu ya kazi, iliyoanzia Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, ndo ile S ya tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Na hiyo Shikilia ndo inatushinda. Kusasambua ni wiki moja tu, vitanda vibovu vinatolewa, mafaili ya zamani yanapangwa, picha zinapigwa kabla na baada, ila kwenye kushikilia hakuna anayekuja na kamera.

Wanaosema timu ibaki wana hoja nzito, mi siwapuuzi. Watu wanahama. Nesi aliyekuwa roho ya ile kazi anapata uhamisho, anayekuja anafundishwa na mtu aliyeelewa nusu, na baada ya watu watatu hivi kilichobaki ni bango ukutani. Halafu kuna hatua ambazo hazitakiwi kuguswa na kila zamu, kwa mfano kuhakiki jina la mgonjwa na kundi la damu kabla ya kumwongezea damu, pale ukimruhusu mtu aruke hatua kwa sababu leo foleni ni ndefu unaweza kuua. Hapo funga kabisa, tena mtu wa nje aje akague.

Ila nimeona upande wa pili kwa macho yangu. Nilikuwa kwenye timu iliyoboresha upakiaji kwenye ghala moja la jumla, tulipunguza muda wa gari kusubiri karibu nusu, tukaandika mwongozo mzuri, tukafanya semina ya siku mbili, wakasaini, tukaondoka. Miezi mitatu baadaye narudi nakuta wamerudi kulekule. Nilikasirika, nikadhani ni uzembe, mpaka nilipokaa na karani wa zamu ya alfajiri ndo nikaelewa. Fomu yetu ilitaka saini ya msimamizi, na msimamizi anaingia saa tatu wakati magari ya mikoani yanataka kutoka saa kumi na mbili, kwa hiyo makuli walisubiri siku mbili tatu, madereva wakawaka, wakaiacha. Karani aliliona hilo tatizo wiki ya kwanza tu! Lakini hakuwa na ruhusa ya kubadilisha hata mstari mmoja, na sisi wenye ruhusa tulikuwa mradi mwingine. Tulimkabidhi kazi bila mamlaka, na mpaka leo inaniuma kwa sababu lawama alibeba yeye.

Ndo maana nawakumbuka NUMMI, kiwanda cha magari cha ubia wa Toyota na GM (General Motors) kule Marekani. Kabla ya hapo kilikuwa kiwanda cha GM pale Fremont, California, kilifungwa 1982 kikiwa na sifa mbaya, 1984 Toyota na GM wakakifungua pamoja, wengi wa wafanyakazi ni walewale na chama chao kilekile, na ubora ukapanda. Mwongozo peke yake usingefanya hivyo, mfanyakazi wa kawaida alipewa kamba ya kuvuta akiona kasoro, mpaka laini nzima inaweza kusimama. GM walipojaribu mfumo huo kwenye kiwanda chao cha Van Nuys mambo hayakwenda, na kikafungwa 1992.

Kwa hiyo mi naegemea kukabidhi pamoja na mamlaka, tena mapema, mradi haujaisha, ile fomu aiandike karani mwenyewe akiwa na sisi pembeni. Hatua chache za hatari zifungwe na sababu yake iandikwe pale pale, zilizobaki zamu izibadilishe ikiona inafaa, ilimradi namba moja tu, kama muda wa gari kusubiri, inaandikwa kila siku ubaoni na ikizidi kiwango anajulikana nani anapigiwa simu. Na timu irudi baada ya mwezi, halafu baada ya miezi mitatu, kwenye zamu ya alfajiri, sio saa nne wakati bosi yupo. Shida ni kwamba hizo siku za kurudi huwa hazimo kwenye bajeti ya mradi, na hapo ndo mabosi inabidi tubanane nao kabla hatujaanza.