Nimelipiwa Kutazama Nguzo Boston

Jamani, mashemeji wengine ni mtihani. Huyu aliyemuoa dada yangu, wanaishi Boston, kanipeleka Fenway Park kutazama besiboli. Uwanja ulifunguliwa 1912, ananisifia njia nzima. Nikavaa shati la sherehe. Kufika, kiti cha mbao, magoti yamemgusa mzee wa mbele mgongoni, na katikati ya macho yangu nguzo ya chuma inayoshikilia paa. Nikimwona mrushaji, mpigaji simwoni. Nikimpata mpigaji, mrushaji kapotea.

"Shem, upande huu tiketi zina unafuu," ananiambia, anatafuna soseji.

Mchezo wenyewe sasa. Mtu anatema mate. Anashika kofia. Anachungulia huku na kule kama mdaiwa aliyeona duka la Mangi. Ndiyo arushe! Mwenzake anapiga hewa, mpira unarudishwa, tunaanza upya. Eti tangu 2023 wamewekewa saa, mrushaji anapewa sekunde zisizozidi 20 tu. Kumbe hapo ndipo wameharakishwa!

Kushoto kuna ukuta wa kijani, mita 11 na ushee, wenyewe wanauita Zimwi la Kijani. Ndani yake wamekaa watu, wanabadilisha vibao vya matokeo kwa mkono. Marekani hii hii iliyopeleka watu mwezini! Hapo nilipapenda, sikatai.

Shemeji akanionyesha kiti chekundu, kimoja tu, kule mbali kati ya viti vya kijani. Mwaka 1946 Ted Williams, mpigaji nyota wa Boston, alipiga mpira ukasafiri mita 153, ukamtoboa kofia bwana mmoja aliyekaa zake pale. Bora yeye, mpira ulimfuata.

Mara uwanja mzima umesimama, watu wanakumbatiana. Nini? Mpira umevuka ukuta! Mimi nimeona nguzo.

Raundi tisa zikaisha, wamefungana sawa. Nikachukua koti, nikauliza penalti zinapigwa upande gani.

"Hakuna penalti, shem. Wanaendelea mpaka mmoja afungwe. Mwaka 1981, timu ya wanaokuzwa ya hawa hawa wa Boston ilicheza hapo mji jirani, Pawtucket, raundi 33. Walianza Aprili, wakamaliza Juni."

Anasema huku anacheka! Nikamwomba funguo za gari nikalale kidogo.

"Gari? Si tumekuja na treni?"