Fomu ya serikali inayodai programu ya kulipia

Inakera! Ofisi ya umma inaweka fomu ya DOCX (faili la Microsoft Word, programu ya kulipia) kwenye tovuti, mwananchi anaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, majedwali yanaruka ukurasa, halafu lawama zote anabebeshwa LibreOffice. Mara nyingi tatizo ni fonti tu, yaani muundo wa herufi: fomu imeandikwa kwa Calibri, kompyuta haina fonti hiyo, inatumia nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari inasukumana. Ukisakinisha Carlito, fonti ya bure yenye herufi za upana uleule, mengi yanakaa sawa. Lakini kwa nini kazi hiyo aifanye mwananchi? ODF, muundo wa wazi wa faili za nyaraka ambao LibreOffice huutumia, ni kiwango cha ISO (shirika la viwango la kimataifa) tangu 2006, na serikali ya Uingereza iliichagua mwaka 2014 kwa nyaraka za kuhaririwa. Hata Word huhifadhi ODT, yaani faili la maandishi la ODF. Karani anabadilisha aina ya faili anapohifadhi, basi.