Daraja la Ribblehead na mifereji iliyosahauliwa

Daraja la mawe la karne ya 19 likisemwa kuwa limechakaa, kabla ya kuuliza lina miaka mingapi, uliza mifereji yake ilizibuliwa lini. Naandika hivi nikiwa na Ribblehead akilini, daraja la reli lililoko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye njia ya kutoka Settle kwenda Carlisle. Katika miaka ya 1980 lilitumiwa kama sababu kubwa ya kutaka kuifunga njia nzima. Ugonjwa wenyewe ulikuwa maji.

Tuanze na umbo lake. Ribblehead lina matao 24, urefu wa takriban mita 400, na pale lilipo juu zaidi linafika mita 32. Kila tao lina upana wa futi 45, yaani karibu mita 14. Mhandisi alikuwa John Sydney Crossley wa kampuni ya Midland Railway. Ujenzi ulianza mwaka 1870, jiwe la mwisho likawekwa 1874, na abiria wakaanza kupita 1876. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshajuta kabla ya kuanza: mwaka 1869 iliomba Bunge iiache njia hii, Bunge likakataa.

Nguzo ndizo zinazonivutia zaidi. Chini zina unene wa kama futi 13, zikipanda zinapungua mpaka kama futi 6 karibu na matao. Lakini kila nguzo ya sita ni nene kuliko wenzake kwa kama nusu. Si pambo hilo. Tao husukuma pembeni, na nguzo nyembamba hutulia kwa sababu tao la upande wa pili linairudishia msukumo uleule. Tao moja likianguka, nguzo yake inabaki ikisukumwa upande mmoja tu, inalala, na kuvuta inayofuata. Mbio hizo hufika kwenye nguzo nene na kukoma hapo, kwa kuwa hiyo ina uzito wa kuhimili msukumo peke yake. Kwa hiyo hata balaa likitokea, yanakwenda matao sita, si 24. Mhandisi anayepanga jinsi daraja lake litakavyoanguka ndiye wa kumwamini.

Ipo hadithi inayopendwa sana kwamba nguzo hizi zimekalia marobota ya sufu yaliyozamishwa kwenye tope. Tamu, lakini muipuuze. Misingi ilichimbwa kama futi 25, kupita udongo laini wa mboji na mfinyanzi, mpaka mwambani, ikamiminwa zege, mawe yakaanzia hapo.

Sura ya nje ni mawe ya chokaa ya maeneo yaleyale, mengine ya tani kadhaa, yameachwa na uso wa kukwaruza. Tumbo la tao, yaani upande wake wa chini, kinyume na wengi wanavyodhani, ni matofali. Waashi walikuwa na sababu: jiwe la tao lazima lichongwe umbo la kabari, moja baada ya jingine, ilhali tofali hutoka kwenye tanuri likiwa na kipimo kimoja na hupangwa haraka juu ya fremu ya mbao, tabaka juu ya tabaka. Yalitumika matofali kama milioni moja na nusu. Udhaifu wa mpangilio huo ni kwamba matabaka yanaweza kuachana. Kwa macho huoni kitu. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana hulia kama debe tupu.

Sasa maji. Juu ya matao kuna kifusi, juu ya kifusi kokoto, mataruma na reli. Mvua ya Yorkshire haina mzaha, na yote inayoangukia daraja inashuka kwenye kifusi na kukusanyika katika bonde lililo kati ya tao na tao, juu kabisa ya nguzo. Hapo panatakiwa utando wa kuzuia maji na bomba la kuyatoa. Utando ukichanika au bomba likiziba, maji hutafuta njia kupitia viungo, yaani nafasi kati ya jiwe na jiwe zilizojazwa chokaa. Yakipita huyeyusha chokaa kidogokidogo na kuiacha nje kama michirizi myeupe chini ya tao. Baridi ikija, maji yaliyonaswa huganda, hutanuka kwa kama asilimia 9, na kusukuma jiwe kutoka ndani. Msimu ujao ufa ni mkubwa zaidi na maji ni mengi zaidi. Treni ina lawama ndogo sana katika kisa hiki, maana jiwe lililobanwa hulipunguzii nguvu kwa kulibana zaidi kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa Ribblehead. Shirika la reli lilitangaza kusudio la kufunga njia, likataja gharama za ukarabati za mamilioni ya pauni, na mwaka 1985 likaondoa njia moja ya reli kati ya mbili darajani ili treni mbili zisikutane juu yake. Wananchi zaidi ya 22,000 waliandika pingamizi, na mbwa mmoja aitwaye Ruswarp akatia alama ya kwato, samahani, ya wayo wake. Kisha ukafanywa ukarabati wa majaribio kwenye sehemu ya daraja, ikaonekana makadirio yalikuwa yamekuzwa. Aprili 1989 serikali ilikataa kufunga. Kazi kubwa iliyofuata ilikuwa ile iliyopaswa kufanywa tangu zamani: kufumua juu, kuweka utando mpya, kurekebisha mifereji.

Tukija kwenye kuziba viungo, hapa ndipo madaraja mengi huharibiwa na watu wenye nia njema. Ribblehead lilijengwa kwa chokaa inayogandia hata kwenye unyevu. Anayekuja na saruji huweka kitu kigumu kuliko jiwe. Unyevu hauwezi tena kutokea kwenye kiungo, unatokea kwenye jiwe, na uso wa jiwe unabanduka huku saruji ikibaki imesimama kama mbavu. Aliyeona nyumba kongwe za matumbawe za Lamu au Mji Mkongwe zilizopigwa lipu ya saruji anajua ninachosema.

Njia sahihi ni ya polepole. Ondoa kilichooza kwa tindo na nyundo, usitumie grenda, kwani diski hula kingo za mawe. Ingia kina cha angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Osha vumbi, lowesha jiwe ili lisinyonye maji ya chokaa, kisha shindilia chokaa moja kwa mchanga mbili na nusu hadi tatu, mchanga mkali wa punje mchanganyiko. Kiungo kirefu kijazwe kwa awamu. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, na usifanye kazi ikiwa joto liko chini ya nyuzi 5. Miti iliyoota usiing'oe. Kata, ua shina, uache mzizi uoze, la sivyo utatoka na jiwe zima.

Urithi wenyewe hauko kwenye matao pekee. Chini ya daraja walikaa mamia ya vibarua na familia zao katika vijiji vya vibanda, vikiwa na majina kama Batty Green, Jericho, Sebastopol na Inkerman, mawili ya mwisho yakitoka kwenye vita vya Crimea. Ajali, mapigano na ndui viliua watu wengi, na wengi wamezikwa Chapel-le-Dale, karibu na hapo. Alama za vibanda hivyo bado zinaonekana ardhini na zinalindwa kisheria. Nadhani zinastahili heshima ileile inayopewa nguzo, ingawa wapiga picha huzikanyaga wakitafuta pembe nzuri.

Ukarabati mwingine ulifanyika kuanzia mwaka 2020, wa pauni milioni 2.1: mawe yaliyovunjika yakabadilishwa, viungo vikazibwa, mabomba ya maji yakatengenezwa. Treni za abiria na za mizigo zinaendelea kupita, bado kwenye njia moja ya reli. Ukifika pale, usiishie kutazama matao kwa mbali. Ingia chini yake siku moja baada ya mvua na utafute michirizi myeupe. Ukiiona imeongezeka tangu mara ya mwisho, kuna bomba limeziba juu.